Kadi ya Picha kwa Kompyuta ya Sebuleni

Mazungumzo yangu ya leo yanahusu kitu kidogo ambacho wengi wetu hatujapata kukiona kwa macho, kwa kuwa makazi yake ni ndani ya kasha la kompyuta, nacho ni kadi ya picha, ile ambayo mafundi huiita grafiksi kadi. Sikusudii kuieleza kwa ajili ya vijana wachezao michezo ya kompyuta, maana hao wana walimu wao na maarifa yao ni mengi. Nataka kuieleza kwa ajili ya baba au mama wa nyumba aliyeweka kompyuta sebuleni, akaiunga na runinga, ili watu wake wapate kutazama filamu, kusikiliza taarabu, kufuata darasa, au kuona sala ya tarawehe kutoka Makka katika usiku wa Ramadhani.

Je, kompyuta kama hiyo inahitaji kadi ya namna gani? Jawabu langu nitalitoa mapema, nanyi mtanisamehe nikilirudia mara kwa mara: inahitaji kadi inayofahamu lugha ya picha mnazozitazama, na inayonyamaza. Nguvu nyingi ni gharama ya bure. Kufahamu na kunyamaza, basi.

Niruhusuni nianze na kisa. Nilinunua kompyuta ndogo ya ofisini iliyokwisha tumika Ulaya, ya namna ile ambayo ndugu zetu wa Mombasa huiita ex-UK, na muuzaji akaitilia kadi ya picha yenye feni ndogo, pana kiasi cha sarafu kubwa mbili zikikaa pamoja. Mchana sikusikia kitu, kwa sababu barabara yetu hapa Tanga ina pikipiki na wauza madafu, lakini usiku, shangazi yangu alipokuwa amejilaza juu ya kitanda cha kamba akisikiliza taarabu ya zamani, na mpiga kanuni akawa ameachiwa uwanja peke yake, zile nyuzi zikishuka taratibu mpaka karibu zizimike, tukasikia ndani ya kasha mlio mwembamba mkali usiokwisha, na shangazi akauliza, "Mwanangu, huyo nyuki ameingilia wapi?" Tangu usiku ule nimekuwa nikitafuta sababu ya mlio ule, na yale niliyoyapata ndiyo ninayowaletea.

Sababu yenyewe ni hii. Filamu haifiki nyumbani kwenu ikiwa imekunjuliwa. Mmewahi kuona robota la nguo linaposhuka bandarini, namna lilivyoshindiliwa na kufungwa kwa mikanda ya chuma, hata nguo za kujaza duka zima zikaenea katika mzigo mmoja? Filamu nayo imeshindiliwa vivyo hivyo ili ipite katika waya na hewa bila ya kuhitaji njia pana, na kabla ya kuonekana katika kioo haina budi kufunguliwa, picha baada ya picha, mara 24 au 50 au 60 katika kila nukta, yaani sekunde moja. Kazi hiyo ya kufungua aweza kuifanya mmoja wa watu wawili: ama prosesa, yaani akili kuu ya kompyuta, ambayo hufungua kila robota kwa mikono mitupu na jasho likiitoka, ama chombo maalumu kilichojengwa ndani ya kadi ya picha, kilichozaliwa kwa kazi hiyo moja tu, kikaifanya kwa wepesi kama mtu anayekata mkanda kwa mkasi wake.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye mzizi wa maneno yangu. Jasho la kompyuta ni joto, na dawa ya joto ni feni, na feni ikienda mbio hupiga kelele. Kwa hiyo mtu anayelalamika kwamba kompyuta yake ya sebuleni inavuma, aghalabu shida yake haikuanza katika feni. Ilianza pale kadi yake ilipoletewa robota lililofungwa kwa namna isiyoijua, ikalirudisha kwa prosesa, na prosesa ikatoa jasho. Ndiyo maana nasema kufahamu kwanza, na kunyamaza baadaye.

Na namna hizo za kufunga ni zipi? Wataalamu huziita kodeki, nazo zimekuja kwa vizazi. Ya kwanza kwa umaarufu ni H.264, iliyotoka mwaka 2003, na karibu kila kadi ya siku hizi inaifahamu. Mwaka 2013 zikaja mbili: HEVC, ambayo hutumika sana katika filamu za picha kubwa ya 4K, na VP9, ambayo ni ya Google na ndiyo iliyoenezwa na YouTube. Kisha mwaka 2018 ikatoka AV1, iliyotungwa na muungano wa makampuni makubwa ili itumike bila malipo ya hakimiliki, na kila mwaka inazidi kuenea. Basi mwenye kununua kadi na ajiulize: mimi hutazama nini nyumbani kwangu? Kama ni filamu za kawaida na runinga ya kawaida, H.264 inakutosha. Kama unayo runinga ya 4K na unapenda YouTube, huna budi kupata VP9, na ukiweza AV1 pia. Kama filamu zako zimehifadhiwa katika HEVC, tafuta HEVC, na uhakikishe ni ile ya biti 10, maana filamu nyingi za 4K zimefungwa hivyo.

Kabla hatujaenda dukani, kuna swali ambalo muuzaji hatakuuliza, kwa hiyo nitakuuliza mimi: je, una hakika kwamba unahitaji kadi? Prosesa nyingi huzaliwa zikiwa na kifaa cha picha ndani yake. Zile za Intel za kizazi cha 7, zilizoingia katika kompyuta za mezani mwaka 2017, zinafungua HEVC ya biti 10 na VP9 pasipo msaada wa mtu. Na zile za kizazi cha 11 zenye kifaa hicho zinafungua hata AV1. Mtu mwenye kompyuta ya namna hii, akiuziwa kadi, ameuziwa joto na kelele ambazo hakuwa nazo. Lakini zile za kizazi cha 4, ambazo ndizo zimejaa katika maduka ya kompyuta zilizotumika kwa kuwa ofisi za Ulaya zilizinunua kwa maelfu, hizo hazikuumbwa kwa ajili ya HEVC ya biti 10, na hapo kadi huwa ni haja ya kweli.

Haya, tuseme haja ipo. Utazikuta kadi za majina mengi, nami nitataja chache nizijuazo. Ipo GT 710, ya mwaka 2016, ndogo, rakhisi, inayotumia wati 19 tu, na mara nyingi haina feni. Lakini haifahamu HEVC, na katika runinga ya 4K hutoa picha 30 tu kwa nukta. Utazame mpira kwa picha 30 uone namna unavyokwenda kwa kurukaruka, kana kwamba mchezaji anaubeba mkononi na kuuweka mbele. Kwa runinga ya kawaida na filamu za zamani haina kosa. Kwa zaidi ya hapo usiiguse.

Ipo GT 1030, ya mwaka 2017, na hii ndiyo niipendayo kwa kompyuta kuukuu za ofisini. Inafungua H.264, HEVC na VP9, inapeleka picha 60 kwa nukta katika runinga ya 4K, inakula wati 30, na yapo matoleo yake yasiyo na feni kabisa, yenye mapezi ya alumini tu. Lakini jihadharini: jina hilo moja limebebwa na vitu viwili. Mwaka 2018 lilitoka toleo jingine lenye kumbukumbu ya DDR4 mahali pa GDDR5, nayo kasi ya kumbukumbu hiyo ni pungufu sana, nalo likauzwa kwa jina lile lile. Lisomeni sanduku, panapoandikwa GDDR5 ndipo palipo na thamani ya fedha zenu.

Ipo Radeon RX 6400, ya mwaka 2022, iliyo bora kwa nguvu, lakini AV1 haifungui, jambo la kushangaza kwa kadi ya umri mdogo kiasi hicho, na ndiyo sababu nakariri kwamba upya wa kadi si hoja peke yake. Ipo Arc A310 ya Intel, ya mwaka huo huo, ambayo AV1 inaijua barabara, ila imetungwa ikitazamia kompyuta za karibuni, nayo ikitiwa katika kompyuta ya zamani yaweza kula umeme mwingi hata ikiwa imekaa bila kazi. Na kwa mwenye kasha kubwa na mfuko mpana, Palit walitoa mwaka 2024 kadi ya RTX 3050 isiyo na feni, waiitayo KalmX, inayofungua AV1. Kadi hiyo ni nzuri, lakini ni pana na nene, na katika kasha dogo la ofisini haiingii hata kwa dua.

Wasikilizaji, nimetaja kadi zisizo na feni, na bila shaka mmoja wenu ameshasema moyoni, "Basi nitanunua isiyo na feni, na kelele zitakwisha." Ndivyo nilivyosema mimi pia. Nikaitoa ile kadi ya nyuki, nikatia kadi ya mapezi matupu, na mlio ukakatika mara moja, tukafurahi. Kisha likaja joto la kaskazi, mwezi wa Februari, na adhuhuri moja watoto walipokuwa wakitazama filamu, picha ikaanza kukwama, ikaenda, ikakwama tena, hata mwisho ikaganda kabisa. Nilipofungua mlango wa kabati la vioo ambamo kompyuta ilikuwa imewekwa kwa usafi na heshima pamoja na vikombe vya harusi, hewa iliyonipiga usoni ilikuwa kama ya jikoni.

Tufikiri pamoja. Kadi isiyo na feni haikukosa joto; imekosa mtu wa kulitoa joto lake. Hulikabidhi kwa hewa iliyo jirani, kisha hungoja hewa hiyo iondoke kwa hiari yake. Hewa ikiwa ina njia ya kupanda na kutoka, mambo huwa shwari. Hewa ikifungiwa, hupata moto, na kadi hupata moto zaidi, mpaka ifike mahali ambapo kwa kujihifadhi yenyewe hupunguza mwendo wake, na hapo ndipo picha hukwama. Nanyi mkumbuke kwamba wanaozisifu kadi hizi aghalabu ni watu wa nchi za baridi, ambako chumba kina nyuzi 20 za joto. Sebule ya pwani wakati wa kaskazi hufika nyuzi 32. Kwa hiyo kadi yetu, kabla haijaanza kazi, imekwisha kupoteza nyuzi 12 ambazo mwenzake wa Ulaya bado anazo mkononi, na hasara hiyo hakuna maandishi ya sandukuni yatakayokwambia.

Nikafanya nini? Nilimwita seremala akatoboa mgongo wa kabati, tundu moja chini na jingine juu, ili hewa ya baridi iingie na ya moto ipande itoke. Kisha ndani ya kasha nikatia feni moja pana, ya sentimita 12, nikaiwekea mwendo wa polepole. Mtaniuliza, je, kutoa feni moja na kutia nyingine si kurudi nilikotoka? Hapana, na sababu yake ni muhimu kwa kila mpenda utulivu. Feni pana ikizunguka taratibu huchukua hewa sawasawa na feni finyu iendayo mbio, lakini sauti yake ni nzito na ya chini, mfano wa upepo mwanana katika mnazi, wakati ile finyu hupiga mluzi. Sikio husahau sauti ya kwanza katika muda mfupi. Ya pili haliisahau kamwe.

Na hapa nimjibu msikilizaji ambaye najua amekuwa akingoja zamu yake, asemaye kwamba nyumba zetu zina feni za dari zinazovuma usiku kucha, basi kelele ya kompyuta ina madhara gani? Swali hilo ni la haki. Lakini feni ya dari ina sauti moja ya chini isiyobadilika, nayo imekuwa sehemu ya nyumba kama sauti ya bahari kwa mtu wa Pangani. Feni ndogo ya kadi hupanda na kushuka: panapokuja picha nzito hulia, ikipita hunyamaza, kisha hulia tena, na kule kubadilika ndiko kunakoliamsha sikio. Isitoshe, ukifika wakati wa kusi, mwezi wa Juni na Julai, feni za dari huzimwa, madirisha hufungwa usiku, na nyumba huwa kimya hata mjusi akilia ukutani husikika. Hapo kadi mbaya hujulikana.

Kwa sababu hiyo hiyo nina shaka na kadi zile kubwa ambazo feni zake husimama kabisa kadi ikiwa baridi, na kuanza kuzunguka joto lipandapo kiasi cha nyuzi 50 au 60. Katika nchi ya baridi ni neema, maana filamu nzima hupita feni zikiwa zimelala. Kwetu, kadi huwa karibu na mpaka huo tangu mwanzo, ikauvuka na kurudi, na feni zikaanza na kusimama, zikaanza na kusimama. Mimi naona ni afadhali sauti moja ndogo ya kudumu kuliko kimya kinachokatwa kila dakika tano.

Pana jambo la chumvi na vumbi pia. Hewa ya pwani hula chuma, na feni ndogo baada ya muda huanza kukwaruza kwenye ekseli yake, sauti ambayo hakuna mafuta yatakayoiponya kwa muda mrefu. Mapezi hayana cha kukwaruza, na hiyo ni fadhila yao kubwa. Ila hushika vumbi, na vumbi ni blanketi. Zima kompyuta, chomoa waya wake ukutani, na kila baada ya miezi mitatu upitishe brashi laini kati ya pezi na pezi.

Nitapita haraka katika mambo ya kasha, kwa kuwa ni ya kupima kwa rula tu. Kompyuta nyembamba za ofisini hupokea kadi fupi peke yake, na kadi fupi hufungwa kwa kibati kifupi. Wauzaji wengi wamekipoteza, basi kiulizie kabla hujatoa fedha. Sloti ya kadi haitoi zaidi ya wati 75, na baadhi ya makasha madogo yameruhusiwa pungufu ya hapo, na pawa saplai zake mara nyingi hazina waya wa ziada wa kulisha kadi. Kadi ya wati 30 haina ugomvi na masharti hayo.

Bali juu ya hadaa sitapita haraka. Zimo sokoni kadi kuukuu ambazo watu waovu wamebadilisha maandishi yake ya ndani, zikajitambulisha kwa jina la kadi mpya na bora, na kompyuta ikaliamini jina hilo. Ipo programu ya bure iitwayo GPU-Z ambayo huichunguza kadi na kuionyesha iliyo ya uongo. Na ukiwa na Windows ya siku hizi, ifungue Task Manager wakati filamu inacheza: utaona kama kazi ya kufungua picha inafanywa na kadi, au kama prosesa ndiyo inayohangaika. Kadi ikiwa imekaa na prosesa inatoa jasho, ama kodeki hiyo haijui, ama programu unayoitumia kutazamia, iwe VLC au Kodi au nyingine, haijaamriwa kuitumia kadi, na amri hiyo imo katika mipangilio yake.

Basi mkinitaka nitoe hukumu, ni hii. Mwenye prosesa ya miaka ya karibuni asinunue kadi; na anunue feni nzuri ya kasha. Mwenye kompyuta ya ofisini iliyozeeka na achukue GT 1030 ya GDDR5 isiyo na feni, na aiwekee njia ya hewa. Na anayeitaka AV1 kwa lazima, aachane na kuirekebisha kompyuta kuukuu, akusanye fedha zake mpaka apate kompyuta yenye prosesa inayoijua.

Na ombi langu kwenu, wasikilizaji, mkienda dukani, ni moja. Chukueni katika flashi filamu ile ile mtakayoitazama nyumbani, si ile ya muuzaji. Mwambieni aicheze kwa robo saa, sauti ya runinga ikiwa imezimwa, na katika hiyo robo saa tegeni sikio karibu na kasha, mradi lisiwe mbali kuliko kilipo kiti chenu sebuleni. Kama mtasikia kitu, mrudishieni kadi yake kwa upole, na mwombeni awaonyeshe nyingine.